Doctor Who na 23 Novemba: hesabu ya siku kwa Kiswahili

Mkuu, umeuliza kama BBC walipanga 23 Novemba 2013, siku Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati, ilipotimiza miaka 50, iangukie Jumamosi, siku ileile tamthilia ilipoanza mwaka 1963. Hawakupanga, kalenda iliwapa bure, na hesabu yake unaifanya ukiwa ndani ya daladala bila kugusa simu.

Mwaka wa siku 365 ni wiki 52 na siku moja juu. Kwa hiyo kila mwaka tarehe inasogea siku moja mbele, na ikivuka 29 Februari inasogea mbili. Kutoka 1963 hadi 2013 ni miaka 50, na ndani yake kuna Februari ndefu 13. Jumla 63. Gawanya kwa saba, haibaki kitu, umerudi Jumamosi.

Sasa utamu wenyewe. Wiki ya Kiswahili inaanzia Jumamosi, ndiyo mosi, na tamthilia nayo ilianza Jumamosi. Basi chukua kilichobaki, ongeza moja, jina la siku linajitaja lenyewe. Jaribu miaka 25: jumlisha Februari ndefu 7 upate 32, toa 28, inabaki 4, ongeza moja, tano. Jumatano. Na kweli 23 Novemba 1988 ilikuwa Jumatano, na hadithi ya Silver Nemesis ilianza kuonyeshwa siku hiyo. Miaka 60: jumlisha 15 upate 75, inabaki 5, ongeza moja, sita. Hapa angalia usiteleze kama mimi, maana siku yetu ya sita inaitwa Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Ndiyo maana mwaka 2023 vipindi maalumu vitatu vya miaka 60 havikuanza tarehe 23 bali Jumamosi ya tarehe 25. Hapo sasa BBC walipanga.

Tangu 1963, tarehe 23 Novemba imekuwa Jumamosi miaka ya 1968, 1974, 1985, 1991, 1996, 2002, 2013, 2019 na 2024. Hatua zake ni 5, 6, 11, 6, halafu zinajirudia, jumla miaka 28. Katika hizo zote, ukiacha ile ya 1963, kipindi kipya kilirushwa siku yenyewe mara mbili tu: sehemu ya 4 ya The Invasion mwaka 1968, na The Day of the Doctor mwaka 2013. Nyingine zilikuta tamthilia iko mapumzikoni au imeshafungwa.

Lakini mimi mpangilio wenyewe haunisisimui kama pale unapovunjika. Msimu wa kwanza ulianza 23 Novemba 1963 ukaisha 12 Septemba 1964. Hizo ni siku 294, wiki 42 kamili, na vipindi ni 42. Niliona imekaa sawa nikafunga daftari. Baada ya wiki kadhaa, nikiwa naosha vyombo, ndipo nikashtuka: wiki 42 kamili zina Jumamosi 43 ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho. Kuna moja haina kipindi! Nikapekua hadi nikaipata, 4 Julai 1964, katikati ya hadithi ya The Sensorites. Michezo ilichukua nafasi. Na mwaka 1984 tamthilia ilikuwa ya Alhamisi na Ijumaa, ghafla Resurrection of the Daleks ikarushwa Jumatano mbili za Februari, sehemu nne zikiwa zimeunganishwa kuwa mbili ndefu. Michezo tena, safari hii Olimpiki ya majira ya baridi kule Sarajevo. Siku hizi nikikuta pengo, cha kwanza naangalia ratiba ya michezo.

Krismasi nayo ina kisa chake. Mwaka 1965 tarehe 25 Desemba iliangukia Jumamosi, hawakuwa na pa kukwepea, wakaweka kichekesho katikati ya hadithi ya kutisha ya Dalek, wale maadui wakuu wa tamthilia. Kuanzia 2005 hadi 2017 kulikuwa na kipindi kila Krismasi, lakini hapo tarehe ndiyo iliyochagua siku, na Jumamosi ilipatikana mara moja tu, 2010.

Aibu yangu kubwa sasa. Jedwali langu la kwanza nililitengeneza kwenye kompyuta iliyokuwa imewekwa utaratibu wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Nikaandika 5/1/1985, Jumamosi mwigizaji mkuu Colin Baker alipoanza msimu wake wa kwanza kamili, mashine ikasoma Mei mosi, Jumatano. Mbaya zaidi, 26/3/2005 iliachwa kama ilivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 26, kwa hiyo nusu ya jedwali ilikuwa safi na nusu mbovu, na kwa macho huoni kitu. Nikaja hapa jukwaani kifua mbele kutangaza kwamba msimu huo wa Colin Baker ulianza Jumatano. Wakongwe wanakumbuka nilivyonangwa. Kama unatengeneza lako, andika jina la mwezi kwa herufi, usiamini mikwaju (/).

Na uweke safu ya pili ya tarehe, mimi nimelazimika. Msimu wa 2024 ulifunguliwa mtandaoni saa 6 kamili usiku ya Uingereza, ikiingia 11 Mei, Jumamosi. Dar ilikuwa saa 8 usiku, bado Jumamosi. New York ilikuwa saa 1 jioni, Ijumaa tarehe 10. Kipindi kimoja, dakika ileile, na Mmarekani akikubishia kwamba kilitoka Ijumaa hajakosea.