Vitamini D haizibi jino lililotoboka

Wapo wanaouliza kama vidonge vya vitamini D vinatibu jino linalooza. Hapana, peke yake havitibu jino lililoanza kuoza. Sababu ni kwamba enameli, lile gamba gumu la nje, haina chembe hai wala mishipa ya damu, kwa hiyo unachomeza hakiendi moja kwa moja kulijenga upya. Kinachorudisha madini pale ni mate pamoja na floraidi inayogusa jino lenyewe.

Angalia kwanza hali ya jino. Kama ni doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na ufizi, na uso wa jino bado mzima, linaweza kusimama au hata kurudi: dawa ya meno yenye floraidi 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni) mara mbili kwa siku, tema povu bila kusukutua kwa maji, na punguza kula vitamu kila mara. Daktari wa meno anaweza pia kupaka floraidi kali zaidi. Likishatoboka, hapo mara nyingi ni kuziba, usidanganywe.

Hiyo habari ya vitamini D haikutoka hewani, lakini. Mtafiti May Mellanby alifanya majaribio kwa watoto Uingereza tangu miaka ya 1920, na uchambuzi wa 2013 uliojumlisha majaribio ya zamani ulionyesha huenda inapunguza kuoza. Huko ni kukinga watoto, tena ushahidi wenyewe dhaifu.

Ukipimwa ukakutwa na upungufu, tumia kwa ajili ya mifupa. Mtu mzima asizidishe yuniti 4,000 (IU) kwa siku bila daktari. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.