Baba yangu alikuwa anakula unga, sasa anataka radhi. Nikimnyima pesa nitapata laana?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mi ni binti, naishi Unguja. Baba alikula unga, yaani dawa za kulevya, miaka mingi, akauza cherehani ya mama, mtungi wa gesi, mpaka nguo za Idi za mdogo wangu zikiwa bado kwenye mfuko wa duka, na mama akipigwa akiuliza. Sasa hivi ametoka soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga, anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia asirudie, kila siku, ameniomba msamaha na anataka kuhamia kwangu na nimpe pesa aanzishe biashara. Shangazi ananambia nikikataa nitakosa radhi. Moyo wangu mzito, nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Pole sana, na hapo unavochanganywa ni kwamba watu wamekuletea mambo matatu wakayafunga kifurushi kimoja, wema kwa baba, kumsamehe, na kumuamini, na hayo hayana hukmu moja.

Wema ni wajibu, hata alokosea vipi. Sura Luqman aya ya 15 inazungumzia wazazi wanaokushinikiza umshirikishe Allah, yaani hakuna kubwa kuliko hilo, usiwatii kwa hilo lakini kaa nao kwa wema duniani. Kwa hiyo kumtukana hapana, kumsimulia mtaani hapana, na akiwa na njaa we una chakula, mpe.

Kusamehe ni haki yako, hujalazimishwa. Ash-Shura aya ya 40 inasema anaesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Allah, na mi nakutamania huo ujira, ila hauna tarehe ya mwisho, unaweza kusamehe haya leo na yale ukayaachia muda. Na la cherehani na kipigo halikuhusu kusamehe, mwenyewe mama yupo, baba aende kwake, tena akipata uwezo alipe, maana toba ya haki za watu haitimii kwa machozi tu.

Sasa shangazi. Najua atakuletea hadithi ya "wewe na mali yako ni vya baba yako", kila mtu anaijua hiyo. Wanavyuoni wengi hawakuifahamu kwamba baba ndo mwenye mali, kwani An-Nisaa aya ya 11 inampa mzazi sudusi, yaani sehemu moja ya sita, kwa mtoto aliyekufa akaacha watoto, ingekuwa yote yake angerithi nini? Na laana isiyo na haki isikutishe, Mtume s.a.w. kasema dua ya mja hujibiwa maadam hajaomba dhambi wala kukata udugu, imepokewa na Muslim.

Pesa mkononi usimpe, kwa sasa. Mtu aliyetoka kwenye unga akishika noti nyingi siku aliyokorofishana na mtu, unajua mwenyewe zinaenda wapi. An-Nisaa aya ya 5 imekuja kwa mali za wasioweza kuzisimamia, wasipewe, ila walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mazuri, na mwongozo huo unamfaa baba yako. Mlipie nauli ya kwenda kliniki, mnunulie chakula, mtaji ukiuona wakati wake umefika nunua bidhaa wewe mwenyewe.

Kuhamia kwako pia si lazima, ikiwa ana pa kulala. Wahshi aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, alisilimu na akakubaliwa, lakini Mtume s.a.w. alimuomba asimuonekanie usoni. Sisemi umfanyie baba hivo, baba si Wahshi, nasema tu kwamba kidonda kinaruhusiwa kuuma hata baada ya kusamehe. Mtembelee Ijumaa, nusu saa, na ami yako kama unaogopa.

Akianguka tena, maana wengi huanguka, usiseme toba yake ilikuwa uongo. Mrudisheni kliniki haraka na ufunguo wa nyumba ubaki nao wewe. Na mdogo wako kama hataki kumuona bado, muacheni.

Wallahu a'lam.