Kichupa kikiwa cheusi, anza kutazama mikono yako

Mara ya kwanza nilipopima maji ya kisima cha mtaani kwetu, Dar es Salaam, vichupa vyote vitatu viligeuka vyeusi. Nikasimama mbele ya kamati ya maji na kutangaza kwamba kisima kimeingia kinyesi. Mzee mwenye kisima akanitazama, akauliza: "Na hicho cha maji ya kuchemsha, mwanangu, nacho kimepita chooni?" Nikakosa jibu. Kichupa cha tatu kilikuwa na maji niliyoyachemsha mwenyewe nyumbani. Uchafu ulikuwa wangu.

Kipimo chenyewe, cha kutafuta dalili za kinyesi kwenye maji, ni rahisi na hakihitaji maabara. Manja na wenzake wa India walikieleza mwaka 1982. Ndani ya kichupa kuna karatasi iliyoloweshwa chakula cha bakteria chenye madini ya chuma, kisha ikakaushwa. Bakteria wengi wanaotoka na kinyesi huzalisha gesi ile yenye harufu ya yai viza. Gesi ikikutana na chuma, maji yanakuwa meusi kama wino. Unajaza, unafunga, unasubiri. Joto la Dar linatosha kabisa. Ndugu yangu aliyeko Makete, kwenye baridi ya milimani, alijaribu mwezi Juni, ikabidi alale na kichupa ndani ya blanketi, na mkewe hajaacha kumcheka.

Kazi kubwa iko kwenye kuchota. Nawa kwa sabuni, usiguse ndani ya kifuniko, na usikiweke chini hata kwa sekunde moja (mimi nilikiweka juu ya ndala yangu nikidhani ni ujanja). Kama unataka kujua hali ya kisima, usichote kwenye ndoo ya jirani, maana hapo utakuwa umepima ndoo. Kwenye pampu, pampu kwanza dakika chache. Bomba la chuma, pitisha moto mdomoni. Na kila safari beba vichupa viwili vya ziada: kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kingine cha maji ya mtaro. Cha kwanza kikiwa cheusi, umechafua wewe. Cha pili kisipokuwa cheusi, dawa ya kwenye karatasi imeharibika.

Tazama baada ya saa 24, kisha saa 48. Kikigeuka ndani ya dakika chache, usipige kelele bado: bakteria hawazaliani kwa kasi hiyo. Huenda maji yana salfidi ya ardhini, yenye harufu ileile ya yai viza. Yanuse.

Kipimo hiki hakikuambii ni bakteria gani wala ni wangapi. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane E. koli (bakteria wa utumbo, dalili ya kinyesi) hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, na hilo linathibitishwa kwa kipimo kingine. Floraidi, madini yanayotoka ardhini, nayo hakiioni. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yanaweza yasigeuke meusi kichupani huku yakiharibu meno ya watoto.

Kabla ya kupima, kubalianeni mtafanya nini matokeo yakiwa mabaya. Sisi hatukukubaliana, tukapoteza wiki mbili kwa mabishano huku watu wakiendelea kuchota. Tuliporudia kwa usafi, cha kuchemsha kilibaki safi, cha kisima kikawa cheusi. Chanzo tulichokishuku kilikuwa ndoo ya kuchotea, iliyokuwa ikilazwa kwenye tope walipopita bata. Tukaweka ndoo moja tu ya kisima, ndoano ya kuitundika na mfuniko, tukatia klorini.

Tulipopima tena, saa 48 zilipita kichupa kikiwa na umanjano wake hafifu. Mzee akakiomba akakiweke dirishani, wageni wakione. Nilimkatalia, nikamimina jiki ndani, nikasubiri nusu saa na kukimwaga chooni. Hata kisipokuwa cheusi, mle ndani ni chakula cha bakteria kilichokaa kwenye joto siku mbili. Amenuna mpaka leo.