Utando wa oksidi ya zinki unabaki kidoleni, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu hapa Dar, projekti yangu ni kupaka utando wa oksidi ya zinki kwenye slaidi za kioo. Mashine ya kuzungushia hatuna, nachovya kwa mkono. Kila nikitoa kwenye tanuri unatoka mweupe kama chokaa, nikipitisha kidole unabaki kidoleni. Shida ni mashine?

JIBU: Marahaba. Mashine unaionea bure. Utando mzuri hauna weupe, ni angavu, labda ukiugeuza kwenye mwanga unaona rangirangi kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Wako umepaka mnene kwa mkupuo mmoja halafu ukaupiga moto, spiriti iliyoyeyushia inatoka kwa fujo, aseteti (chumvi ya zinki iliyomo) inaungua, utando unasinyaa unapasuka unaachia kioo, na unyevu wa Dar nao unachangia.

Anza na kioo. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza na maji safi, kisha asetoni, kisha spiriti. Mwagia maji: yakitambaa kote sawasawa kiko tayari, yakijikusanya matone matone bado kina mafuta, rudia (na usikishike katikati tena jamani!).

Kwa mililita 50 za soluseni (mchanganyiko wa kupakia) pima aseteti ya zinki yenye maji yake (dihydrate) gramu 5.5, weka kwenye aisopropano (aina ya spiriti), ongeza monoethanolamini (kimiminika kinachosaidia aseteti iyeyuke) kama mililita 1.5, koroga kwenye nyuzi 60 mpaka iwe angavu kabisa, ilale hadi kesho. Ikiwa na ukungu usiitumie.

Mkono hutetemeka, na hiyo huleta mistari. Simamisha slaidi ndani ya chombo chenye mpira wa dripu chini, jaza soluseni, fungua kidogo ishuke yenyewe taratibu. Ikishuka haraka tabaka linakuwa nene, watu wengi wanadhani ni kinyume. Acha spiriti ikauke kwanza mbali na moto, ndipo uweke nyuzi 300 dakika 10, upoe, rudia mara tano au sita. Mwisho nyuzi 450 kwa saa moja na uuache upoe humohumo tanurini, ukiutoa wa moto kioo kinalia tap.

Halafu ukipima na malitimita ikasoma megaomu usishtuke, oksidi tupu ndivyo ilivyo. Ukitaka ipitishe umeme zaidi ongeza naitreti ya aluminiamu kidogo, aluminiamu iwe asilimia 1 hadi 2 ya zinki kwa hesabu ya moli, si ya gramu.