Anzeni na mpunga, wali utafuata

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mgeni akikutembelea, na karibu nawe kuna mji wenye historia, unampeleka kuona nini kwanza? Mimi naishi Charlotte, North Carolina, na mji ninaowapeleka wageni wangu ni Charleston, South Carolina, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Kwanza nawapeleka gatini, kabla ya jumba lolote la kifahari.

Safari yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Nilianza na majumba ya matajiri. Niliingia Nathaniel Russell House, la mwaka 1808, lenye ngazi inayopanda kwa kujizungusha ghorofa hadi ghorofa bila nguzo ya kuishika. Ni nzuri kweli. Nilirudi Charlotte nikiisimulia ngazi, na sikujiuliza hata mara moja fedha za kuijenga zilitoka wapi. Russell alikuwa mfanyabiashara, na katika bidhaa zake walikuwamo watu. Utajiri wa mji ule kwa jumla ulitoka kwenye mpunga, na mimi ni mzaliwa wa Kyela, nimelelewa kwenye majaruba. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kiswahili chetu kinatenganisha mpunga ulioko shambani, mchele uliokobolewa na wali ulioko sahanini. Majumba ya Charleston ni wali. Ukianza nayo, unaweza kushiba usikumbuke kuuliza nani alilima.

Mama yangu alipokuja kunitembelea mwaka jana, tulianza Gadsden's Wharf. Mwaka 1806 mji uliamuru meli zilizoleta watumwa ziwashushe kwenye gati hilo, na waliendelea kushushwa hapo hadi uingizaji wao kutoka ng'ambo ulipopigwa marufuku tarehe 1 Januari 1808. Tangu Juni 2023 pamesimama hapo makumbusho ya International African American Museum. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo 18, kiasi cha mita 4 kutoka chini, ili ardhi yenyewe ibaki wazi. Karibu na maji kuna kidimbwi cha kina kifupi ambacho sakafuni mwake pamechorwa maumbo ya watu waliolazwa wamebanana kama walivyopangwa melini. Maji hujaa yakawafunika, kisha hupwa wakaonekana tena. Mama alijifunga khanga yake vizuri, akasimama ukingoni muda mrefu. Sikumharakisha.

Ghorofani kuna chumba kinachoitwa Carolina Gold, jina la aina ya mpunga iliyoutajirisha mji huo. Mama anajua kidogo Kiingereza, hivyo nilikuwa namfasiria. Nikamweleza kwamba wengi walioletwa walitoka pwani ya Afrika Magharibi, kuanzia Senegambia hadi Sierra Leone, ambako mpunga ulilimwa kwa karne nyingi. Walifyeka misitu ya kinamasi, wakajenga matuta na milango ya maji ya kulisha mashamba kwa kujaa na kupwa kwa mito, huku malaria ikiwaua. Mama akasema, "Kwa hiyo walinunuliwa pamoja na ujuzi wao." Sijasikia mwongoza watalii aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Ndipo tukaenda kwenye jumba, na hapo nachagua Aiken-Rhett House, kwa sababu waliolihifadhi waliliacha jinsi lilivyokutwa, rangi ikibanduka na karatasi za ukutani zikiwa zimechanika. Mmiliki wake, William Aiken, aliyepata kuwa gavana, alikuwa na shamba kubwa la mpunga katika kisiwa cha Jehossee, lililolimwa na mamia ya watumwa. Uani bado kuna jiko, chumba cha kufulia, banda la farasi, na juu yake vyumba walimolala watumwa wa nyumbani. Nawaomba wasomaji: kaeni uani kuliko sebuleni. Old Slave Mart, mnada wa zamani wa watumwa ulioko mtaa wa Chalmers, ni padogo na hapahitaji saa nzima, lakini msipapite.

Mwisho tulifika City Market, ambako akina mama wa Kigullah husuka vikapu. Wagullah ni vizazi vya watu wale wa mashamba ya mpunga, na lugha yao ina maneno yaliyovuka bahari. Karanga huitwa "guba", na wasomaji wa Kongo wataitambua nguba mara moja. Vikapu vyao havisukwi kwa ukili kama vyetu. Nyasi hukusanywa fungu, huzungushwa duara kuanzia kitovuni, na kila mzunguko hushonwa kwa ule uliotangulia kwa ukanda wa jani la palmetto, mti wa jamii ya mnazi. Tundu hutobolewa kwa kipini cha kijiko kilichonolewa. Nyasi zenyewe zimekuwa adimu, kwa kuwa ufukwe umejaa nyumba na hoteli, na kikapu kikubwa huchukua wiki kadhaa. Tafadhali msiombe kupunguziwa bei.

Mama alipita vikapu vyenye mifuniko na vyenye mishikio, akafika kwenye kimoja kipana, chenye kingo fupi. Akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa kitupu, akakirusha kidogo na kukidaka. Yule mama muuzaji akaacha kushona. Akasema bibi yake alikuwa akifanya vilevile, baada ya kutwanga. "Kwenye kinu?" mama akauliza kwa Kiswahili, akionyesha mchi kwa ngumi. Hapo sikuhitajika kufasiri. Walitwanga hewani wote wawili.

Nilimnunulia ule ungo. Usiku huo, nyumbani kwangu, aliumwagia mchele wa dukani akaanza kupepeta. Haukutoka pumba wala chuya, mashine ilikwisha kuusafisha. Aliendelea mpaka maji yakachemka.