Kutabaruku si kubariki

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulimwonyesha mwenzako wa kazini, Mpemba, kadi ya mwaliko wa kanisa letu jipya, akacheka alipofika penye "kutabaruku altare", yaani meza ya Misa. Kwao tabaruku ni halua na tende za maulidini, zile anazofungiwa mgonjwa aliyebaki nyumbani. Sasa unaniuliza ni nani aliyelikosea neno.

Hakuna. Neno ni la Kiarabu, limezaliwa tumbo moja na baraka, na kwa Waislamu kutabaruku ni kuitafuta hiyo baraka. Sisi Wakatoliki tumelisogeza mbele kidogo: kitu kinatolewa katika matumizi ya kila siku, kinabaki cha Mungu tu. Ndiyo maana gari lako padri alilibariki, hakulitabaruku. Angelitabaruku usingepakia viazi.

Lile kanisa la zamani lilipotabarukiwa ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Altare ilikuwa jiwe tu, na kwa miezi kadhaa fundi alikuwa akiweka birika lake la chai na chapati juu yake. Siku hiyo askofu alivua kasula, lile vazi la juu la Misa, akajifunga kitambaa cheupe kiunoni kama mpishi, akamimina krisma, yaani mafuta matakatifu, katikati na kwenye pembe nne, halafu akaisambaza kwa kiganja mpaka jiwe lote likang'aa. Harufu ya balsamu ilitufikia benchi la pili. Kikaletwa chetezo, ubani ukafuka juu ya jiwe, ndipo mafuta yakafutwa na kitambaa kikatandikwa. Wiki iliyofuata nilimkuta fundi yuleyule akirekebisha dirisha. Birika lilikuwa sakafuni, na hakuna aliyemwambia.

Ama "kuweka wakfu", ambako wengine wanakutumia badala ya kutabaruku, hapo nina kinyongo changu. Asili yake Kiarabu ni kusimamisha: mali imesimama, haiuzwi, hairithiwi, kinachotoka ni faida yake tu, kama nazi za shamba la msikiti. Siku hizi watu wanaweka wakfu hata simu, mwezi haujaisha wameshaiuza! Fungua Yoshua 6 katika Biblia ya Union. Yeriko ni wakfu kwa Bwana, yaani mji wote unateketezwa, isipokuwa Rahabu na jamaa yake, na fedha, dhahabu na vyombo vya shaba na chuma vinavyoingia hazina ya Bwana. Sura ya 7, Akani anaiba katika wakfu huo, anaficha vazi zuri, fedha shekeli 200 na kipande cha dhahabu cha shekeli 50 ardhini ndani ya hema yake. Walimpiga mawe. Kwa hiyo kadi imesema sawasawa, na ningekuwa mimi mwandishi wake nisingebadili hata herufi.

Huyo Mpemba mwambie karibu sana. Ila asije mikono mitupu, tabaruku yake naitaka.

Baba yako