Jibu: Riwaya yako ya Frere Town inahubiri mno

Dada, nimekuelewa: binti wa miaka 15 aliyeokolewa kwenye jahazi la watumwa anafikishwa Frere Town, makazi ya wamisionari kwa watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa; vijana waliosoma rasimu wanasema inahubiri mno, nawe unataka kuichapisha mwenyewe.

Kosa liko kwa mmisionari wako. Kila shida anaimaliza kwa mstari wa Biblia. Mnyamazishe, mwalimu awe mmoja wa wale Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Binti aisikie kengele, agome kusali, aibe muhogo, kisha aamue mwenyewe. Na usimfanye kila Mwislamu kuwa mwovu. Mombasa watakurudishia kitabu.

Kagua miaka. Makazi yalianza 1875. Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, ilitoka 1952, kwa hiyo wahusika hawawezi kuinukuu. Ukiinukuu popote pale, kiulize kwanza Chama cha Biblia kama unahitaji kibali.

Uchapaji: chukua ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, maktaba ya taifa kabla ya kukamilisha jalada. Muulize mchapaji idadi ya kurasa igawanyike kwa ngapi, la sivyo huenda ukalipia karatasi tupu. Nakala 100 zinatosha kuanzia. Kampuni ya uchapishaji ikidai haki zote za kitabu, mwonyeshe wakili mkataba kabla ya kutia sahihi.